Vyombo vya Bahari Vilivyopita Morogoro

Mji wa Morogoro, na pamoja nao kata yake ya Mafiga, umekaa chini ya milima ya Uluguru, karibu kilomita 200 kutoka bandari ya Dar es Salaam, na mgeni anayefika hapo kwa mara ya kwanza, akayaona mashamba ya mboga yaliyopandwa miteremkoni na ukungu uliotanda juu ya vilele, aghalabu hadhani kuwa mahali hapa pana fungu lolote katika taarikh ya mabaharia. Hata hivyo pepo zile zile mbili zilizoyaendesha majahazi ya Waarabu, Wahindi na Waswahili kwa karne nyingi, yaani kaskazi na kusi, ndizo ziiletazo Uluguru mvua yake kutoka baharini. Na maji ya mvua hiyo, yakisha kuteremka kwa vijito visivyo na idadi, hukusanyika katika mto Ruvu, ambao huko chini uliitwa Kingani, na kuingia baharini kaskazini kidogo ya Bagamoyo. Mlima na bahari vimekuwa vikipeana tangu zamani, kabla ya mwanadamu yeyote kupasua njia baina yao.

Mimi na mwenzangu ni katika wazazi wachache wa Mafiga walioazimia kuwasomesha watoto wao nyumbani, na katika masomo yetu ya taarikh tumefika kwenye mlango wa vyombo vya baharini, mlango ambao hausomeki vyema kwa kitabu peke yake, kwa kuwa mtoto asiyepata kuugusa kwa kiganja chake ubavu wa jahazi, wala kuisikia harufu ya mafuta ya papa yaliyopakwa mbao zake, atayakariri majina ya vyombo bila ya kuvijua vyenyewe. Vyombo vya kale vya mwambao wetu havikukusanywa chini ya dari moja, kama Waingereza walivyozikusanya merikebu zao Portsmouth au Waswidi walivyoihifadhi Vasa mjini Stockholm. Vyetu vimetawanyika, na mwenye kutaka kuwaonyesha watoto sharti awatembeze, kutoka Bagamoyo hadi Unguja, kutoka Unguja hadi Mombasa, na hatimaye hadi Kigoma. Ni katika kuitengeneza ziara hiyo, nikiwa na ramani mezani na tarehe mkononi, ndipo iliponidhihirikia kwamba habari za vyombo mashuhuri katika hivyo zimeigusa nchi hii ya Uluguru na njia zake, na kwamba vingine vilisafiri nchi kavu, juu ya mabega ya watu na baadaye juu ya reli. Makumbusho hutuonyesha chombo kilichokamilika. Mtoto wa bara anayo haki ya kujulishwa pia mabega yaliyokichukua.

Wako watu wanaoiona elimu ya nyumbani kuwa ni mtindo mgeni ulioletwa juzi, nami kwa heshima huwajibu kuwa elimu ya bahari, tangu azali, ilikuwa ni elimu ya nyumbani. Ahmad bin Majid, rubani na mwanachuoni wa karne ya 15, aliyezaliwa Julfar katika sehemu ambayo leo ni Ras al-Khaimah, aliirithi ilimu ya nyota na pepo kutoka kwa baba yake na babu yake, nao walikuwa marubani kabla yake. Na kitabu chake kikubwa cha kanuni za bahari, alichokikamilisha yapata mwaka 1490, kilijengwa juu ya yale aliyoyasikia nyumbani, kisha akayapima na kuyasahihisha kwa safari zake mwenyewe. Miongoni mwa tungo zake umo utungo mrefu juu ya njia ya Sofala, ambao ndani yake bandari za pwani yetu zimetajwa. Hali kadhalika fundi wa majahazi hakusoma kazi yake katika darasa. Mwanawe alianza kwa kuokota vibanzi chini ya gogo, akaendelea kusokota pamba ya kukalafatia, akapewa keekee atoboe tundu la msumari, na miaka ilipopita alikuwa anaweza kusimamisha mkuku, kuyapanga mataruma na kuupinda ubao kwa jicho tu, bila ya mchoro wowote wa karatasi. Hivyo ndivyo majahazi yajengwavyo hata leo katika pwani ya Nungwi, na baba anayempeleka mtoto wake huko kutazama humrudisha katika chuo cha zamani kuliko shule zote za nchi hii.

Chombo cha kwanza katika somo letu ni mtepe, kwa sababu ndicho chombo ambacho mtoto wa kisasa hawezi kukisadiki mpaka aelezwe kwa utaratibu jinsi kilivyofanywa. Mtepe haukuwa na msumari wa chuma hata mmoja. Mbao zake ziliunganishwa kwa vigingi vya mti na kushonwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi zipatikanazo katika makumbi ya nazi, ambayo kwanza hufukiwa pwani mahali yanapofikiwa na maji mpaka nyama yake ioze, kisha hupondwa, huoshwa na kusokotwa. Tanga lake la mraba lilisukwa kwa miyaa kama mkeka. Na omo yake ndefu iliinuka juu mfano wa shingo ya ngamia. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kijulikanacho kwa jina la Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja mashua za kushonwa katika soko la Rhapta, lililokuwa katika pwani yetu, na Wareno walipofika mwaka 1498 walivikuta vyombo vya namna hiyo vikiendelea na kazi. Wa mwisho kuitumia mitepe walikuwa ni Wabajuni wa visiwa vya Lamu, waliopakia boriti za mikoko wakazishusha katika bandari za kusini, mpaka katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 chombo hicho kilipotoweka baharini. Chombo kilichoshonwa kilikuwa na hikima yake: kilipogonga fungu la mchanga kilinepa, ambapo kilichopigiliwa misumari kingepasuka. Lakini kilivuja daima, na mabaharia wake hawakupata raha ya kukaa bila ya kufua maji ya ngama usiku na mchana.

Mwaka 2003 mafundi waliunda mtepe mpya huko Unguja, wakaufuata mfano wa mitepe ya kale, ukawekwa katika Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, katika mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo ilianguka, na watu wakapoteza maisha yao humo. Sioni makumbusho yoyote katika Afrika ya Mashariki yaliyostahiki zaidi kuwa nyumba ya taarikh ya bahari kuliko jumba lile lililoikabili bandari, na msiba wake ungenihuzunisha hata kama nisingekuwa na watoto wa kuwapeleka.

Jina la Sayyid Barghash linatuleta kwenye habari ambayo, kwa maoni yangu, ingepasa kufundishwa katika kila nyumba ya Morogoro. Katika zama zile mji uliokuwa hapa haukuwa huu tuujuao. Kisabengo, aliyetoka Uzigua, alikuwa amejenga mji wenye boma karibu na mto Ngerengere, na baada yake ukatawaliwa na binti yake, Simbamwene, ambaye mji wenyewe ukajulikana kwa jina lake. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871, akiwa njiani kwenda kumtafuta mmisionari David Livingstone, aliustaajabia: aliona kuta za mawe, minara minne katika pembe zake, na milango ya mbao ngumu iliyochorwa nakshi za Kiarabu, kazi ambayo mtu hutarajia kuiona katika mitaa ya Unguja na si chini ya mlima wa Waluguru. Milango ile ni ushahidi kuwa misafara haikuchukua pembe na kupeleka nguo tu. Ilichukua pia sanaa ya pwani na kuipandisha bara, na malkia wa Uluguru alikuwa na jicho la kuithamini.

Tarehe 15 Aprili 1872 ikapiga tufani ambayo mfano wake haukuwa umeonekana Unguja katika kumbukumbu za watu. Minazi na mikarafuu iling'olewa mashamba mazima, nyumba zikabomoka, na bandarini vyombo vikakatika amari zao na kutupwa juu ya miamba na mchanga, na miongoni mwa vilivyoangamia zilikuwamo merikebu za Sayyid Barghash, ambaye kwa siku moja akabaki mtawala wa dola ya bahari asiye na manowari. Dhoruba ile haikuishia pwani. Mvua zake ziliingia bara, mito ikafurika, na Stanley alipokuwa akirudi kutoka Ujiji, siku chache kabla ya kufika Bagamoyo tarehe 6 Mei, alikuta mafuriko yamezichukua kuta na nyumba za Simbamwene, na vijiji vya bonde zima vimekumbwa pamoja nazo. Katika vitabu vingi habari za merikebu za Unguja huandikwa mahali pake na habari za mji wa Simbamwene mahali pake, kana kwamba ni misiba miwili. Nami huwafundisha watoto tufani moja, iliyoivunja dola ya Unguja baharini na ngome ya Morogoro bondeni, kwa sababu nchi hizi mbili zilikuwa zimekwisha fungamana hata katika balaa.

Ili kufidia hasara yake Sayyid Barghash aliagiza manowari mpya kutoka Uingereza, akataka ifanane na Glasgow, manowari ya Kiingereza iliyozuru Unguja katika mwaka 1873, na meli aliyoletewa, iliyoundwa Dumbarton katika nchi ya Scotland mwaka 1878, ikaitwa kwa jina lile lile. Ilikuwa ya fahari kuliko vita, na ilikaa nangani mbele ya jumba la mfalme muda mwingi wa uhai wake. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokikalia kiti cha enzi bila ya ridhaa ya Waingereza, manowari zao zikalipiga jumba kwa mizinga, Glasgow ikajibu kwa kadiri ya uwezo wake, na kabla ya saa moja kupita vita vilikwisha na meli ikazama hapo hapo bandarini. Kwa miaka mingi milingoti yake ilionekana imetokeza juu ya maji, na wasafiri waliokuja Unguja wakapiga picha zake. Na picha hizo, zinazopatikana bado katika vitabu, ni somo tosha kwa mtoto ambaye hakuwahi kuiona.

Nimesema kuwa vyombo vilipita juu ya mabega, nami natamani nikae zaidi juu ya jambo hili, maana wapagazi ni watu ambao makumbusho ya vyombo huwasahau kwa wepesi wa ajabu. Wavumbuzi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipotoka pwani mwaka 1857 kwenda kulitafuta ziwa la Tanganyika, walikuwa wamejitayarishia mashua ya chuma iwezayo kufunguliwa vipande vipande. Lakini wapagazi wa kutosha hawakupatikana, na mashua ikaachwa nyuma. Walipita Zungomero, kusini ya milima ya Uluguru, wakiwa wagonjwa, wakafika Ujiji mwaka uliofuata, na hapo ndipo upungufu wa mabega ulipodhihirisha thamani yake: hawakuwa na chombo chao, ikawabidi kukodi mitumbwi, na Speke alivuka ziwa lote pamoja na Sidi Mubarak Bombay, mmoja wa watu wa msafara wao, kwenda kumwomba Mwarabu mmoja wa ng'ambo dau lake, akarudi mikono mitupu. Vitabu vya Ulaya husimulia habari hiyo kuwa ni mashaka ya wavumbuzi. Ukiisoma kutoka upande wetu ni habari ya watu ambao bila ya ridhaa ya mabega yao hapakuwa na uvumbuzi wowote.

Stanley aliporudi mwaka 1874 alikuwa amejifunza. Aliletewa kutoka Uingereza mashua ya mbao ya mwerezi, urefu wake futi 40, aliyoiita Lady Alice, imekatwa vipande vya kuungana. Na vipande hivyo vilipoonekana huko Unguja kuwa vizito mno kwa njia nyembamba za bara, vikakatwa tena vikawa vidogo zaidi. Tarehe 17 Novemba msafara ukaondoka Bagamoyo. Mtu na afikiri maana ya kuuchukua ubavu wa mashua, kitu kipana kisichokunjika, kwenye kijia kilichopasuliwa kwa upana wa unyayo wa mtu mmoja, penye miiba pande zote mbili, katika majira ya mvua na njaa. Machi ya mwaka 1875 mashua iliunganishwa na kushushwa katika ziwa la Viktoria, ikalizunguka. Mwaka 1876 ikalizunguka la Tanganyika. Kisha ikashuka mto Kongo, na kila palipokuwa na maporomoko ikabebwa tena au kuburutwa juu ya majabali, mpaka tarehe 31 Julai 1877 ilipoachwa juu ya mawe ya Isangila, siku chache kabla ya msafara kufika Boma. Aliyeshika usukani wake alikuwa kijana wa Kiungwana aitwaye Uledi, na Stanley mwenyewe ameshuhudia kwamba Uledi aliwaokoa wenzake wengi katika maji yale. Watu waliosalia wakarejeshwa Unguja kwa meli, baada ya kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kila ninapokutana na jina la Lady Alice katika kitabu, huwataka watoto waandike jina la Uledi kando yake.

Reli iliuondoa mzigo huo mabegani, lakini si wote. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma katika Februari ya mwaka 1914, na haikuwa imetulia juu ya mataruma yake ilipopewa kazi ya kuvusha nchi kavu meli kubwa kuliko chombo chochote kilichowahi kuelea katika ziwa la Tanganyika. Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, mji mdogo wa kaskazini ya Ujerumani. Urefu wake ulizidi mita 70 na upana wake ulikuwa mita 10. Ikapewa jina la Graf von Goetzen, aliyekuwa gavana wa Kijerumani wa nchi hii wakati wa vita vya Maji Maji. Ilipokwisha kuunganishwa ilifunguliwa tena, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, na hapo ikapakiwa katika mabehewa na kuanza kupanda bara. Njia ilikuwa moja tu. Kwa hiyo kila sanduku, kila bamba la chuma na kila ribiti ya meli ile lilipita katika kituo cha Morogoro, mbele ya milima hii, na watu waliokuwa wakiuza ndizi na maembe kwa abiria wa treni waliuza, bila ya kujua, pembeni mwa meli.

Mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walikuja kusimamia kuiunganisha, na majina yao yamehifadhiwa. Wafanyakazi wa Kiafrika na wa Kihindi, ambao mikono yao ndiyo iliyozigonga ribiti katika jua la Kigoma, majina yao hayamo katika simulizi zinazorudiwa. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vikazuka kazi ikiwa haijakwisha, na meli ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915 ikiwa tayari ni chombo cha vita. Waingereza nao wakajibu kwa kuvusha nchi kavu motaboti mbili, Mimi na Toutou, kutoka Afrika ya Kusini kupitia Kongo, na tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka meli ndogo ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Watoto wa Mafiga wakisikia jina hilo hustuka, na wana haki ya kustuka, maana ni jina la mto unaotoka katika milima wanayoiona kutoka mlangoni, limechukuliwa likatiwa juu ya meli ya vita katika ziwa la mbali. Tarehe 26 Julai 1916, Wabelgiji walipokuwa wanakaribia, Wajerumani waliipaka mitambo ya Goetzen grisi nene na kuizamisha kwa makusudi karibu na mlango wa mto Malagarasi, wakitaraji kuirudia siku moja. Hawakuirudia. Wabelgiji waliiopoa ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, wakakuta grisi imefanya kazi yake na mitambo ingali inafaa, na mwezi Mei wa mwaka 1927 ikaanza safari zake upya kwa jina la Liemba.

Kuna meli nyingine ya vita vile ambayo mwili wake ulibaki pwani lakini mizinga yake ikaja bara. Königsberg, manowari ya Kijerumani, iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaingia kujificha katika vijito na mikoko ya delta ya Rufiji, ikakaa humo miezi kadha wa kadha, mpaka tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ilipozamishwa na mabaharia wake wenyewe. Mizinga yake kumi ya milimita 105 ilitolewa majini, ikafikishwa Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu katika karakana, na tangu siku hiyo mizinga iliyoundwa kwa ajili ya bahari ikawa inaburutwa katika matope na mawe ya bara kwa nguvu za mamia ya watu waliofungwa kamba. Mmoja wake ulipelekwa Kigoma, ukawekwa juu ya Goetzen. Mingine ilifuatana na jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck, na jeshi la Kiingereza la Jenerali Smuts lilipoingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka kwa njia za pande zote mbili za Uluguru kuelekea Kisaki. Mpagazi wa vita vile alichukuliwa kwa nguvu na pande zote mbili, akabeba kuliko uwezo wake na kulishwa pungufu ya haja yake, na walioangamizwa na maradhi na njaa katika kazi hiyo walizidi kwa mbali waliouawa kwa risasi. Vijiji vya nchi hii vililipa kwa wanaume na kwa ghala zao.

Kwa sababu hiyo, nikiwapeleka watoto Fort Jesus, Mombasa, siwaharakishi kuingia ndani. Pale ngomeni umewekwa mzinga mmoja wa Königsberg, na pamoja nao mzinga wa Pegasus, maadui wawili wa Unguja wamewekwa jirani. Na mtoto aliyetoka Uluguru anautazama mzinga ule wa kwanza kwa jicho ambalo mtalii hanalo, kwa kuwa anajua nduguze wa mzinga ule waliburutwa na nani na katika nchi ya namna gani.

Imebaki Liemba. Ilibadilishwa mitambo yake ya mvuke ikatiwa ya dizeli katika miaka ya 1970, ikaendelea kuchukua abiria, dagaa, mahindi na mananasi baina ya Kigoma na Mpulungu kwa muda uliozidi umri wa watu wengi waliopanda ndani yake, na katika miaka ya karibuni ilisimama ikisubiri kukarabatiwa. Wako wanaotaka iwe makumbusho, na wako wanaotaka iendelee na kazi. Mimi niko upande wa kazi, kwa sharti kwamba katika ukumbi wake litengwe pahali pa kueleza safari yake ya nchi kavu, pawekwe ramani ya reli yenye vituo vyake vyote, na kwamba wahifadhi wa kumbukumbu za Dar es Salaam, Kigoma na Papenburg watafute katika makaratasi ya mishahara, maadamu makaratasi bado yako, majina ya vibarua walioiunganisha.

Kwenda Dar es Salaam siku hizi tunapanda treni ya umeme, ambayo tangu Juni 2024 hutufikisha kabla ya watoto kuchoka kuuliza maswali. Kwenda Kigoma tutapanda ile ya zamani, ya reli ya mita moja, kutoka kituo cha mjini, ingawa ni safari ndefu na mabehewa yake hayana starehe. Na watoto wamekwisha andika katika madaftari, kwa mpango, vituo ambavyo masanduku yale 5000 yalivipitia: Kimamba, Kilosa, Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora, Kaliua, Uvinza, na juu ya ukurasa, mbele ya vyote, Morogoro.